Sura ya Tatu: Waliotoweka Jedwalini

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa, Afande alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni ofisini kwa Naibu wa Mipango, na mbele yake mezani palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya mwaka jana, nyingine ya mwaka huu. Alikuwa hajazigusa. Alipenda kuiacha karatasi itulie kidogo kabla ya kuishika, kama mtu anayempa mgeni nafasi ya kupumua kabla ya kumuuliza habari za atokako.

Afande hakuwa polisi tena. Alistaafu akiwa sajini, chuo kikuu kikamwajiri kuchunguza malalamiko, na kitambulisho alichokivaa shingoni kilisema Mchunguzi wa Ndani. Hakuna aliyekisoma. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka Mkuu wa Chuo, wote walimwita Afande, naye alishachoka kuwasahihisha. Alikuwa mama mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini sana. Waliowahi kuhojiwa naye walisema kwamba unalazimika kumwinamia ili umsikie, na ukishainama, unajikuta umesema ukweli.

"Hesabu yenyewe ni nyepesi," alisema Naibu. "Kila mwaka Ofisi ya Ujumuishi inahesabu watu wa chuo hiki ni wa aina gani. Wanawake wangapi, wanaume wangapi, nani wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, nani ana ulemavu. Mwaka jana wenye ulemavu, wanafunzi na wafanyakazi, walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Tukampa Mratibu chumba, wakalimani wa lugha ya alama, watu wa kuwasaidia kuandika notisi. Mwaka huu wamehesabiwa tena. Ishirini na tisa."

"Ishirini na tisa," alirudia Afande.

"Sasa hao wengine mia moja themanini na watano wamepona wote?"

"Sidhani."

"Basi hawakuwepo tangu mwanzo. Mratibu alipika namba. Baraza linakaa leo saa tisa alasiri, na mimi nitapendekeza aachishwe kazi na chumba chake kifungwe. Nimekuita kwa sababu Mwenyekiti anapenda utaratibu ufuatwe. Niandikie ripoti ya ukurasa mmoja. Hata nusu inatosha."

"Na nikikuta mengine?"

"Ukikuta mengine, jaza ukurasa." Naibu alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe.

"Jedwali hili ameliandaa nani?"

"Karani wa takwimu, yule mzee wanayemwita Babu Rula. Ila mpangilio ni wangu. Zamani walihesabu kwa vitivo, mafungu saba na la nane la wafanyakazi. Unaona nini hapo? Mwaka huu nikaagiza nipewe kila kundi la darasa peke yake na kila idara peke yake. Makundi mia moja na arobaini. Sasa naliona chuo kama kiganja changu."

Afande aliinuka, akazichukua zile karatasi mbili, akaomba na nakala ya jedwali zima.

Ofisi ya Ujumuishi ilikuwa ghorofa ya chini, mlango wa tatu baada ya ngazi. Mratibu alikuwa amesimama katikati ya chumba akitia vitu vyake kwenye boksi: kikombe, kalenda, jozi ya viatu vya kubadilisha.

"Unahama?" aliuliza Afande.

"Najizoeza." Mratibu alikuwa mwanamke mrefu mwenye kicheko cha karibu karibu, na hata siku hiyo hakikuwa mbali. "Nimeambiwa nimepika namba. Mume wangu akisikia nimeshtakiwa kwa kupika, atacheka mpaka aanguke. Nyumbani hata maji ya chai naunguza."

"Hukupika."

"Sikupika, Afande. Nawajua watu wangu. Siku ya mtihani wananijaa hapa mlangoni mpaka mlinzi anadhani kuna mgomo. Nitawahesabuje ishirini na tisa?"

"Unadhani wamekwenda wapi?"

Mratibu aliketi juu ya meza. Kicheko kilipungua kidogo. "Woga. Mwezi uliopita kulizuka uvumi kwamba majina ya waliotia alama kwenye sehemu ya tatu ya fomu, ile ya ulemavu, yatapelekwa kwa waajiri. Labda wameiacha wazi."

"Fomu uliziona?"

"Fomu? Hata kwa mbali. Kiongozi wa kila kundi anazikusanya, anampelekea Babu Rula, Babu Rula anazifunga kamba na kuzifungia. Mwezi uliopita nilimwomba anionyeshe japo rejista yake, akanikatalia, nikapandisha sauti, naye akapandisha. Ukumbi mzima ulitoka kuja kusikiliza. Nilisema maneno ambayo mtoto wa mtu hamwambii mzee."

Afande aliandika kwenye daftari lake: woga, fomu, ugomvi. Akapiga mstari chini ya kila neno, akaenda kuanza na la kwanza.

Chumba cha huduma kilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Saa ile walikuwemo watatu: msichana kiziwi aliyekuwa akibishana na mkalimani wake kwa mikono, kwa kasi ambayo Afande hakuweza kuifuata hata kwa macho, kijana kwenye kiti cha magurudumu aliyekuwa akila biskuti, na kijana mwingine asiyeona, fimbo yake nyeupe imeegemezwa mezani, vidole vikipita juu ya karatasi ya nukta nundu.

Afande aliwauliza mmoja mmoja kama walijaza fomu, na kama walitia alama sehemu ya tatu.

Msichana alijibu kwa mikono, na mkalimani akatafsiri: "Anasema alitia alama kubwa mpaka karatasi ikatoboka. Anauliza kama kutoboa ni kosa."

"Mwambie si kosa."

"Na mimi nilitia," alisema mwenye biskuti. "Fomu iliuliza kama nina shida ya kutembea. Nikaandika pembeni: shida wanayo ngazi zenu."

Afande alimgeukia wa tatu. "Na wewe? Kuna waliosema wenzenu wameogopa."

"Afande, mimi naingia darasani na fimbo nyeupe," alisema yule kijana. "Nimfiche nani?"

Wenzake walicheka. Hata yule msichana alicheka, baada ya mkalimani kumfikishia.

"Uko kundi gani?"

"Historia, mwaka wa pili, kundi la tatu."

"Wenye ulemavu mko wangapi humo?"

"Peke yangu. Mfalme bila wapinzani."

Afande alifungua jedwali juu ya goti lake, akatembeza kidole hadi Historia, mwaka wa pili, kundi la tatu. Wenye ulemavu: sifuri. Akaulizia makundi ya wale wawili. Sifuri, sifuri. Akalikunja jedwali na kufuta neno woga kwenye daftari. Watu watatu wametia alama kwa mikono yao, na watatu hao hawapo. Basi kilichotokea kilitokea njiani, kati ya fomu na jedwali.

Njiani walikuwapo wawili tu, karani na kompyuta. Alianza na kompyuta kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Fundi wa kompyuta alikuwa na skrini mbili, feni moja, na desturi ya kujibu kabla ya kuulizwa. "Sijafuta kitu," alisema mara tu Afande alipotokea mlangoni.

"Shikilia hapo hapo. Nimesikia salamu siku hizi zimebadilika."

"Samahani, Afande. Habari za asubuhi. Sijafuta kitu." Alimvutia kiti. "Tazama. Mtu yeyote akigusa jedwali, mashine inaandika: nani, siku gani, saa ngapi, kabadilisha nini. Jedwali liliingia Jumatatu saa nne, kaliingiza Karani. Toka hapo hakuna aliyeligusa mpaka Naibu alipochapisha ripoti. Sio Mratibu, sio mimi."

"Anaweza mtu kufuta na asionekane?"

"Mimi naweza. Lakini ningeweza pia kujiandikia likizo ya mwaka mzima, na bado unaniona hapa."

Afande aliitazama ile orodha kwenye skrini kwa muda mrefu, mstari kwa mstari, mpaka Fundi akaanza kutikisa mguu. "Wewe kazi yako ni nini hasa kwenye jedwali hili?"

"Karani ananipa. Mashine inajumlisha namba. Inatoa ripoti. Basi." Kisha akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Mimi si mchongezi, lakini yule mzee na Mratibu hawapikiki chungu kimoja. Waligombana hadharani. Na yeye ndiye anayeandika."

Hilo lilikuwa limesubiri tu mtu wa kulisema. Mzee aliyetukanwa mbele za watu, mwezi mmoja baadaye anaandika sifuri panapostahili moja, mbili, tatu. Njia ilionekana nyoofu. Afande, ambaye katika miaka ishirini na minane ya upolisi aliwahi kuwaachia watu wawili waliokuwa wamekamatwa bure kwa sababu tu njia ilionekana nyoofu, aliamua kwenda kantini kunywa chai kwanza.

Simu ililia kikombe kikiwa bado cha moto. Alikuwa mdogo wake wa kike, ambaye mwanawe alisoma hapo chuoni.

"Dada, mwanao ameniharibia shuka tena."

"Akiharibu ni mwanangu. Alivyopata alama nzuri mwaka jana alikuwa wa nani?"

"Alikuwa wangu. Sikiliza basi. Grisi, dada. Shuka nyeupe. Ameshinda karakana, karudi kajitupa kitandani na ovaroli lake. Namuuliza, ananiambia mhandisi wa mitambo halali kwa adabu."

"Amejifunza kwa wanaume wa darasani kwake."

"Wanaume wapi? Kuna wenzake wawili wasichana humo, wako watatu, ndio wanaofundishana ujinga. Juzi walikuja wote hapa wakanifungulia jokofu, halikuwa hata bovu."

Afande aliweka kikombe chini. Akalivuta jedwali, akatafuta Uhandisi wa Mitambo, mwaka wa pili, kundi la nne. Hakutazama safu ya ulemavu. Alitazama ya kwanza, ya jinsia.

Wanawake: sifuri.

"Dada, upo?"

"Nipo. Una hakika ulizaa msichana?"

"Maswali gani hayo?"

"Kwa mujibu wa chuo hiki, hukuzaa."

Mdogo wake aliendelea kuuliza hadi akachoka na kukata simu mwenyewe. Afande alikuwa ameshatoa penseli. Basi si ulemavu tu uliopotea. Ila wanawake wa chuo kizima hawakupotea. Jumla yao ilikaribiana na ya mwaka jana. Walipotea hawa watatu tu. Kwa nini watatu hawa?

Akaanza upya, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, akitafuta namba moja. Alipita makundi yote mia moja na arobaini, safu zote. Hakukuwa na moja. Akarudi juu kutafuta mbili, akamaliza, hakukuwa na mbili. Hakukuwa na tatu. Hakukuwa na nne. Mhudumu alikuja kuchukua kikombe, akakiona kimejaa, akarudi. Namba ndogo kuliko zote aliyoikuta, ukiacha sifuri, ilikuwa tano: wafanyakazi wa maktaba wenye ulemavu. Na zile ishirini na tisa za Naibu zilitoka sehemu nne tu: tisa, nane, saba, na hiyo tano ya maktaba.

Afande aliivua miwani. Makundi mia moja na arobaini, na hakuna hata moja lenye mwanamke mmoja au viziwi wawili. Mungu hagawi watu namna hiyo. Na mzee mwenye kinyongo na Mratibu angewafuta watu wa Mratibu. Asingehangaika na wasichana watatu wenye grisi.

Saa yake ilisema saa sita na nusu.

Chumba cha takwimu kilikuwa mwisho wa ukumbi, mahali ambapo taa ilikuwa ikijifikiria kabla ya kuwaka. Kuta zote nne zilijaa maboksi, na ndani ya maboksi mafungu ya fomu yaliyofungwa kamba, mafundo yote yakitazama upande mmoja. Babu Rula alikuwa mzee mwembamba aliyepita umri wa kustaafu kwa mkataba wa mwaka mwaka. Rula yake ya mbao ilichungulia kwenye mfuko wa shati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Afande. Nilijua utakuja. Wanasema nimemkomoa yule binti kwa sababu alinipigia kelele."

"Umemkomoa?"

"Alikuja Jumatatu yake kuniomba radhi na mandazi. Mandazi yenyewe mabaya sana. Nikala mawili, ugomvi ukaisha."

Afande alimeza tabasamu. "Mzee, nifungulie rejista. Usinionyeshe. Nisomee tu. Historia, mwaka wa pili, kundi la tatu, wenye ulemavu. Umeandika nini?"

Mzee alifungua, akaweka rula chini ya mstari. "Hesabu yenyewe nabaki nayo humu. Kwenye jedwali nimepeleka kistari."

"Si sifuri?"

"Sifuri maana yake hakuna mtu. Kistari maana yake yupo, ila si kazi yako kumjua." Aliifunga rejista juu ya kidole chake. "Wakiwa watano au zaidi, naandika namba. Chini ya watano, kistari. Mwaka wa kumi na nne huu."

"Nani aliyeweka kanuni hiyo?"

"Nilianza mwenyewe, kisha Ofisi ikaiandika." Mzee alizungusha rula mkononi. "Zamani tulikuwa tunabandika matokeo kwenye ubao wa matangazo. Darasa moja lilikuwa na watu kumi na wawili. Nikaandika: mwenye kifafa, mmoja. Saa nne nilibandika. Saa sita wote walishajua ni nani. Wengine walihama dawati. Muhula haukuisha, yule binti akaondoka, hakurudi. Namba ile niliiandika mimi, Afande. Kwa mwandiko mzuri sana."

Feni ya dirishani ilizunguka. Afande aliuliza: "Mwaka jana vistari vilikuwa vingapi?"

"Hakuna hata kimoja. Kitivo ni kikubwa, watu hawapungui watano."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu Naibu kataka makundi madogo madogo. Kwenye ulemavu peke yake, vistari mia moja kumi na vinne. Mpaka nikajiuliza mbona kiganja kinauma."

Afande alitoa simu, akampigia Fundi. "Mashine yako ikikutana na kistari mahali pa namba, inafanyaje?"

"Inakiruka," alisema Fundi. "Kistari si namba. Kwenye ripoti inatia sifuri, ili pasikae wazi. Kwa nini?"

"Ahsante." Alirudisha simu mfukoni. Mzee alikuwa amesikia. Aliitazama rejista kama mtu anayetazama mlango alioufunga mwenyewe na funguo zikabaki ndani.

"Kwa hiyo nimewaficha mpaka hawapo," alisema.

"Hukukosea peke yako, mzee. Naibu kagawa, wewe umeficha, mashine imeruka. Kila mmoja kafanya kazi yake vizuri. Sasa nipe rejista niipeleke kwenye baraza."

"Hapana."

"Mratibu atafukuzwa saa tisa."

"Najua."

"Nikienda kwa mdomo mtupu, Naibu atasema tumekaa wawili hapa tukapika nyingine."

"Atasema. Lakini rejista hii ikifunguliwa mezani, kuna wanane watakaosoma kundi kwa kundi, mmoja, wawili, mmoja. Na wana wapwa, wana wajomba, wana midomo. Yule binti wa kifafa naye alikuwa mtu, Afande. Siwezi kumwokoa huyu kwa kuwauza wengine."

Afande hakubishana. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio mkubwa kuliko mwili wake. Aliuliza kama humo ndani kuna kadibodi na kisu cha karatasi.

Alikata kipande cha kadibodi ukubwa wa fomu. Katikati yake, chini kidogo, alikata dirisha dogo la mstatili. Akaomba fomu moja tupu, akaifunika. Namba ya mwanafunzi ilifichika, kundi likafichika, jinsia ikafichika. Dirishani kilibaki kisanduku kimoja tu, kile cha ulemavu: kina alama au hakina.

Mzee aliinama kutazama. Akachukua rula, akapima dirisha, akasema limepinda kidogo upande wa kushoto.

"Wahesabu wenyewe," alisema Afande. "Wanane, maboksi manane. Vitivo saba na wafanyakazi. Si makundi."

"Makundi yachanganywe kwanza. Kamba zote zifunguliwe."

"Zote."

"Ni fomu elfu tatu na themanini. Kuzirudisha mahali pake ni wiki nzima."

"Nitakuja kukusaidia kila siku baada ya kazi."

"Usije," alisema mzee, akianza kufungua fundo la kwanza. "Utazipanga vibaya."

Saa tisa kasorobo, mlango wa ukumbi wa baraza ulifunguliwa na mkokoteni wenye maboksi manane ukaingia, ukisukumwa na Afande, na nyuma yake Babu Rula amekumbatia kadibodi nane zilizokatwa sawasawa. Mwenyekiti, mama aliyekuwa daktari wa watoto kabla ya kustaafu, alivua miwani.

"Afande, tulitegemea ripoti."

"Ripoti ni hii, Mwenyekiti. Mtaiandika nyinyi." Akawaeleza kwa sauti ile ile ya chini, wajumbe wote wameinama mbele: kanuni ya watano, makundi mia moja na arobaini, vistari, mashine inayoruka. Aliwataja wasichana watatu bila kusema mmoja ni wa kwao. Haikumchukua dakika nne.

"Hadithi nzuri," alisema Naibu, bila ubaya. "Ushahidi?"

"Ndiyo tunaugawa." Afande alizunguka meza, akaweka boksi moja mbele ya kila mjumbe. Mbele ya Naibu aliweka lililo zito kuliko yote.

"Mimi pia?"

"Mheshimiwa ndiye mwenye shaka zaidi. Tumekupa kazi zaidi."

Mwenyekiti alikohoa kwa namna iliyofanana sana na kicheko, akavuta boksi lake.

Kwa nusu saa, katika ukumbi wa baraza zilisikika karatasi tu. Profesa mmoja alihesabu kwa kunong'ona mpaka jirani yake akamwomba ahesabu kwa moyo, anamchanganya. Mwingine alipanga njiti za kiberiti. Babu Rula alitembea nyuma yao polepole, na kila kadibodi iliposogea nusu inchi, rula ilishuka begani kwa mwenye nayo na kumrudisha.

Wakaanza kusoma. Ishirini na mbili. Kumi na nane. Thelathini na sita. Ishirini na saba. Thelathini na tatu. Kumi na tisa. Mwenyekiti mwenyewe, thelathini na tano. Katibu alijumlisha: mia moja na tisini, na Naibu alikuwa bado. Alikuwa amerudia mara mbili. Sasa alikuwa anarudia ya tatu.

"Arobaini na moja," alisema hatimaye.

"Mia mbili thelathini na mmoja," alisema Katibu.

Naibu aliiweka kadibodi mezani. "Nina swali moja, na nisipouliza mtu atauliza kesho. Tutajuaje kwamba Mratibu hakuzijaza mwenyewe?"

Afande alimtazama mzee.

"Hajawahi kuzigusa," alisema Babu Rula. "Mwezi uliopita aliomba kuona rejista tu, nikamkatalia. Aliniita bahili, mkaidi, na kufuli lisilo na ufunguo. Waliosikia wako wengi. Mmoja wao ni wewe, mheshimiwa, ulifungua dirisha."

"Nilifungua," alikiri Naibu. "Hilo la kufuli lilinichekesha." Akapangusa paji la uso, akamgeukia Mwenyekiti. "Naondoa pendekezo langu. Na mwakani tuhesabu kwa vitivo."

"Ukitaka makundi pia nitakupa," alisema mzee. "Utapata vistari."

Wakamwita Mratibu. Aliingia amenyooka, mikono imeshikana mbele, kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano na hataki kuonekana anaogopa. Mwenyekiti alimwambia kwa sentensi mbili kwamba hakukuwa na kosa lake, na kwamba chumba kinabaki.

Mratibu hakucheka. Akauliza: "Wamefika wangapi?"

"Mia mbili thelathini na mmoja."

"Mwaka jana walikuwa mia mbili na kumi na wanne." Alifikiri. "Kumi na saba zaidi."

"Ndiyo."

"Basi wakalimani wawili nilio nao hawatoshi."

Naibu alifumba macho. "Mwenyekiti, ajenda ya leo ilikuwa moja tu."

"Hiyo imekwisha," alisema Mwenyekiti, akageuza ukurasa. "Tumeingia mengineyo. Endelea, mama."

Mratibu alisogeza kiti, akaketi pasipo kukaribishwa. Wakalimani wawili wa nyongeza. Printa ya nukta nundu, ile iliyopo inameza karatasi. Mteremko wa kupandia maktaba, na kitasa ambacho mtu aliyeketi anaweza kukifikia. Katibu alikuwa bado anafunga maboksi na mzee, hivyo Naibu alilivuta daftari la kumbukumbu kuelekea kwake na kufungua kalamu.

"Polepole, Mratibu," alisema. "Kitasa cha mlango upi?"